Vumilia Ipi?

Kama umewahi kuuguza mtu Kenya hii, unajua watu wanavyoaga. Wanasalimia, wanaomba, wanakunywa chai, wanauliza kama mvua imenyesha, halafu wakishasimama na mikoba iko begani, wanamgeukia mgonjwa: "Jikaze, mama. Vumilia tu." Mgonjwa anasema asante. Vikombe vinaoshwa, na kesho wanakuja wengine na neno lilelile.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu shangazi yangu amalize tiba ya mionzi. Sina shida na wageni; walileta sukari, na mmoja alileta kuku. Swali langu ni hili: ni lini mtu mwenye afya yake ana haki ya kumwambia mgonjwa avumilie? Siulizi kama ni vizuri mgonjwa avumilie. Hilo ni lake yeye. Nauliza kuhusu sisi tunaosema, tukiwa tayari tumesimama mlangoni.

Shangazi ni mtu wa Kasikeu, Makueni. Analima ndengu na maembe, ana miaka 50 na kitu, na mdomo anao. Saratani ilipatikana kwenye titi la kushoto. Akafanyiwa upasuaji, titi likatolewa, akamaliza kemo, nywele zikaanza kurudi laini kama za mtoto, na sisi wote tukadhani stori imeisha. Kumbe bado. Daktari akasema kuna mionzi, ya kumaliza chembe ambazo huenda zimebaki na hazionekani: mara 15, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu, Nairobi.

Hebu iweke hiyo ratiba Kasikeu. Bodaboda mpaka Sultan Hamud, kisha matatu, zaidi ya kilomita 100 za Mombasa Road na malori yake, halafu jam ya Mlolongo. Yote hayo ili ulale juu ya meza kama dakika 15, na nyingi kati ya hizo ni za kukulaza sawasawa tu. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache. Kisha urudi nyumbani, na kesho uanze tena. Tulikuwa tumejivunia sana MakueniCare, ule mpango wa kaunti ulioanza 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa kwenye hospitali za kaunti, na tulikuwa na sababu ya kujivuna. Lakini mashine ya mionzi haikuwa Wote. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, inalipia mashine. Hailipii nauli wala godoro la kulala Nairobi. Kwa hivyo shangazi akahamia kwangu Pipeline, chumba kimoja, orofa ya tano, na gunia dogo la ndengu.

Watu wa nyumbani wanaita "kuchomwa". Ameenda kuchomwa. Ukisikia hivyo unafikiria moto, na ukifikiria moto unafikiria moshi, kitu kinachobaki kwenye nguo na kuwafikia wengine. Ndiyo maana wikendi ya kwanza aliporudi Kasikeu, jirani mmoja alimwambia, kwa upole kabisa, asimbebe mjukuu wake mpaka miezi kadhaa ipite. Shangazi alikaa siku mbili na mtoto akimnyooshea mikono. Jumatatu akamuuliza yule dada wa mashine. Jibu lilikuwa rahisi: mionzi inayoelekezwa kutoka nje haibaki mwilini. Ni kama taa ya stima. Ukishaizima, huwezi kuikuta imejificha kabatini. Wahudumu wanatoka na kufunga ule mlango mzito kwa sababu wao wako hapo kila siku, na kila mgonjwa, mwaka nenda mwaka rudi. (Kuna tiba nyingine ambapo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili, au dawa yenye mionzi humezwa, na hizo zina masharti yake. Hii haikuwa hiyo.) Wikendi iliyofuata mjukuu alibebwa mpaka akachoka yeye mwenyewe.

Lakini ule mlango. Shangazi anasema upasuaji ulimkuta amelala na watu wamemwinamia. Kemo aliipata kwenye kiti, pembeni ya wanawake wengine wakipiga stori za bei ya mafuta. Kwenye mionzi kila mtu anatoka. Mkono wa kushoto juu ya kichwa, kwapa lenye kovu likivuta, kifua wazi, baridi, na sauti kwenye spika: vuta pumzi, shikilia. Pumzi hiyo ina kazi yake. Kifua kikijaa hewa, moyo husogea mbali kidogo na njia ya mionzi. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini mle ndani. Nilitarajia aseme alikuwa anaomba. "Nilikuwa nahesabu," akasema. Kwa Kikamba, polepole, mpaka sauti iseme pumua.

Kabla ya siku ya kwanza walimchora alama, nukta ndogo za wino ndani ya ngozi ambazo hazioshwi, ili kila siku alazwe palepale pa jana. Yeye, ambaye ameshapigania mpaka wa shamba mbele ya chifu mara mbili, alizielewa mara moja. "Wamenipimia kama ploti," akasema. "Hizi ni bikoni." Walimpa pia karatasi ya maelezo iliyosema ngozi yake itakuwa nyekundu. Akaisoma, akaniangalia, akaangalia mkono wake. "Mimi? Nyekundu?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ila kichekesho hicho kina uzito wake. Kwenye ngozi nyeusi muwasho wa mionzi mara nyingi haujitokezi kwa wekundu. Ngozi inazidi kuwa nyeusi, inakauka, inabambuka, na penye mkunjo wa kwapa inaweza kulowa. Mtu anayesubiri wekundu anaweza kukuangalia na kusema uko sawa. Shangazi alijifunza kusema mapema, kabla ya kuulizwa. Sidiria ilikaa kwenye begi wiki zote tatu. Alivaa leso ya pamba na shati kubwa la marehemu mume wake.

Sasa, nikija kwenye swali langu. Mimi ni mtu wa kusoma vitu usiku, na kitu kimoja kilinisumbua: kwa nini mara 15? Kama mashine inaua saratani, kwa nini isiue siku moja twende nyumbani?

Jibu lina historia, na ndani yake kuna kondoo. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na madaktari hawakukawia kuielekeza kwenye uvimbe, mara nyingi kwa dozi kubwa zilizounguza ngozi vibaya. Miaka ya 1920, Paris, Claudius Regaud na wenzake walifanya majaribio kwa kondoo dume. Walitaka kuwahasi kwa mionzi. Dozi moja kubwa haikuweza kufanya kazi hiyo bila kuharibu ngozi ya korodani. Walipoigawanya kwa siku kadhaa, kondoo walihasika na ngozi ikabaki salama. Seli nzima, zikipewa muda kati ya dozi na dozi, hujikarabati. Seli za saratani nazo hujaribu, lakini nyingi hazina ufundi huo. Kwa hivyo zile saa 24 kati ya leo na kesho ni sehemu ya dawa. Nilimweleza shangazi haya akiwa anachambua ndengu. "Kwa hivyo mimi ni kondoo dume," akasema, akaendelea kuchambua.

Tazama maana yake lakini. Usiku ule alipolala kwangu, akikoroma, bila kufanya lolote, mwili wake ulikuwa kazini. Mchana ule aliojilaumu kwa kushindwa hata kukuna nazi, mwili ulikuwa kazini. Uchovu wa mionzi si kama uchovu wa kulima. Ukilala unaamka nao, umekaa pale pale ulipouacha. Anayeambiwa ajikaze katika hali hiyo anaweza kudhani anatakiwa kushindana na mwili wake, kumbe kilichotakiwa ni auachie nafasi. Kuna kungoja kunakoponya, na huko kungoja hakuna ushujaa wowote ndani yake. Ni kulala, ni kula muthokoi ukiweza, ni kumwacha mtu mwingine apande ngazi na mtungi wa maji.

Na kuna kungoja kwa aina nyingine. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi Uganda nzima, pale Mulago, iliharibika isiweze kutengenezwa tena. Ilikuwa mashine ya kobalti iliyofika miaka ya 1990. Kobalti ina tabia yake: kila baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake hupungua kwa nusu, kwa hivyo mgonjwa hulala chini yake muda mrefu zaidi ili apate dozi ileile. Yaani hata kabla haijafa, ilikuwa inawaomba wagonjwa subira zaidi kila mwaka. Mashine mpya ilianza kazi mwanzoni mwa 2018. Katikati hapo wenye uwezo walisafiri, na hospitali ya Aga Khan hapa Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo. Wengine walibaki wakingoja. Saratani haikungoja nao. Matibabu yakikatika katikati, seli zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana, na siku zilizopotea haziokotwi hivihivi mwishoni. Sisi wenyewe tusicheke: kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mionzi, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi. Leo kuna hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna Eldoret, Nakuru, Mombasa, Garissa. Ni hatua kubwa. Ukiwa Kasikeu bado unapanda matatu.

Shida yangu na lugha yetu iko hapa. Saa 24 za kati ya dozi mbili tunaziita subira. Miezi ya foleni nayo tunaiita subira. Neno ni moja, na kwa kuwa la kwanza ni jema, la pili linapita chini yake kama mtu anayeingia mechi bila tiketi. Mvumilivu hula mbivu, tunasema. Muulize mkulima wa maembe wa Makueni kama anaamini hivyo. Ukiketi chini ya mwembe ukivumilia, nzi wa matunda atataga mayai yake ndani ya embe lako na utakachokula ni funza. Wakulima wa kwetu wananing'iniza mitego, wanaokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia, wanachuma kabla halijaiva kabisa. Kuna kungoja, ndiyo, kwa sababu embe halikimbizwi. Lakini hakuna mkulima anayemwambia mwembe ujikaze.

Walionifundisha zaidi kuhusu subira ni watu ambao sidhani hata walitumia neno hilo. Zamani kidogo, mionzi ya titi ilikuwa kwa kawaida mara 25, wiki tano. Uingereza, mwaka 1999, walianza majaribio makubwa wakiuliza swali ambalo linaonekana la kijinga: ni lazima ziwe wiki tano? Ikaonekana grei 40 kwa mara 15 zinafanya kazi vizuri vilevile. Ndizo alizopewa shangazi. Halafu wakauliza tena, na mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine, la wanawake wapatao 4,000: grei 26 kwa mara 5, wiki moja tu, hazikuwa duni kuliko wiki tatu kwa kipindi cha miaka mitano walichofuatiliwa. Si kila mgonjwa anafaa kwa ratiba hiyo. Ni daktari anayeamua. Lakini pima kwa nauli. Kutoka 25 hadi 15 hadi 5. Kwa mwanamke anayelala kwenye sakafu ya mtu Pipeline, siku 20 za uvumilivu zimefutwa na watu waliokataa kuamini kwamba uvumilivu huo ulikuwa wa lazima. Sisi tuliokuwa tunausifia hatukumpunguzia hata siku moja.

Ndiyo maana nimekuwa mgumu na neno "shujaa" pia. Kila Oktoba simu zetu zinajaa utepe wa rangi ya waridi na mashujaa. Sikatai, kuna watu wamejipimisha kwa sababu ya huo utepe. Lakini shujaa ni mtu ambaye hahitaji kitu. Ukishamwita shujaa, unaweza kwenda. Na ugonjwa ukirudi, kama unavyorudi wakati mwingine hata kwa waliofuata kila sharti, tunasema nini? Kwamba hakujikaza ya kutosha? Nimesikia ikisemwa matangani, kwa sauti ya chini: "Alikata tamaa mapema." Kana kwamba seli husikiliza.

Nilimwambia shangazi haya yote, kwa hasira ya mtu aliyesoma vitu usiku. Hakukubali. "Wewe unataka nilie ndio ufurahi?" akaniuliza. Akasema kuna asubuhi, wiki ya tatu, kwapa lilipokuwa limelowa na hata shati lilikuwa linamuumiza, alijiambia mwenyewe jikaze, akashuka zile ngazi za orofa tano. Kama si neno hilo angebaki kitandani. Na kama neno ni lake, mimi ni nani nimpokonye?

Ana haki. Nimeligeuza hilo mara nyingi na sioni pa kulipinga. Mtu akijiambia jikaze, anajua anajiagiza nini na ataligharamia yeye. Mwingine akimwambia, gharama ni ya yule yule aliye kitandani, na msemaji ameshapata nafuu ya kuwa amesema kitu. Labda tofauti ni hapo, nani analipa. Shangazi alisema tofauti ni rahisi zaidi: "Anayeniambia jikaze huku ameshika begi langu, huyo simsikii vibaya."

Wiki ya pili mashine iliharibika. Sitaitaja hospitali. Tulifika asubuhi, tukakuta watu wamejaa kwenye benchi na karatasi imebandikwa mlangoni. Mtu wa mapokezi, kijana mpole ambaye bila shaka alikuwa amesema hivyo mara 60 asubuhi hiyo, akasema, "Vumilieni kidogo, wazazi." Shangazi akauliza, "Fundi amepigiwa simu?" Kijana akasema ndiyo. "Amesema anakuja lini?" Hajui. "Nani anajua?" Hapo ndipo benchi zima lilipogeuka kumwangalia. Mwisho alitoka mtu mwenye koti jeupe, akasema kipuri kinasubiriwa, si kesho, labda keshokutwa, na kwamba walioanza tayari watapangwa kwanza na siku zao zitahesabiwa upya na daktari. Hakukuwa na mashine mpya katika maneno hayo, lakini kulikuwa na kitu cha kupanga nacho.

Wanawake walianzisha kikundi cha WhatsApp palepale. Hakuna maombi kwenye kikundi hicho, wala picha za maua. Walikubaliana hivyo, kwa sababu bando si la bure. Kazi yake ni moja: anayeishi karibu na hospitali apite alfajiri, aandike kama mashine iko ama haiko, ili wa Machakos na wa Kajiado wasilipe nauli ya bure. Siku ya kwanza: haiko. Ya pili: haiko. Ya tatu: fundi ameonekana. Ya nne, saa kumi na moja na nusu asubuhi: iko.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kitui ambaye hakuwa na pa kwenda siku hizo nne. Alikuwa amepanga kulala kwa binamu yake, binamu akasafiri. Nauli ya kwenda Kitui na kurudi ingekula pesa ya wiki ya mwisho. Aliniuliza mimi, labda kwa sababu nilikuwa kijana pekee hapo na nilikuwa nimeshika simu, kama ni bora aende nyumbani angoje huko, au alale hapa kwenye benchi, watu wengine wanalala. Shangazi hakunipa nafasi ya kujibu. Alikuwa ameshachukua begi lake.

Tulilala watatu Pipeline. Shangazi alilala upande wa ukuta kwa sababu ya mkono, mama wa Kitui katikati, mimi kwenye mkeka karibu na mlango. Ndengu ziliisha siku ya tatu.